Yai la Mapokezi

Watu wengi waliofika kwenye ile kliniki ya meno walidhani mama wa mapokezi alikuwa ameisomea kazi yake. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza alifika pale akiwa mgonjwa, shavu limevimba, na hakutibiwa.

Alikaa kwenye benchi la ukutani tangu asubuhi. Kila alipoitwa alisema, "Mtangulizeni huyu, mimi sina haraka," akampisha mwenzake, mpaka chumba cha kungojea kikabaki na yeye na feni tu. Kesho yake akarudi, akakaa palepale, akawapisha watu vilevile. Siku hiyo nesi alikuwa ndani akimsaidia daktari, na simu ya mezani ikawa inalia bila mtu wa kuipokea. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Yeye alikuwa mtu asiyeweza kusikia kitu kinalia akakiacha kilie. Akainuka, akazunguka meza, akaipokea.

"Kliniki ya meno, habari za leo. Ndiyo, daktari yupo. Unaumwa upande gani? Pole sana, mama. Njoo tu, usiogope."

Alipogeuka alimkuta daktari amesimama mlangoni, mwanamke mnene wa makamo, glavu mikononi, akimsubiri amalize.

"Wewe si yule wa jana?"

"Ndiye mimi."

"Jino je?"

"Limepoa," akasema, na shavu lake likamsuta.

Daktari akamwonyesha kiti cha nyuma ya meza. "Basi kaa hapohapo," akasema. "Simu ikilia, pokea."

Ndivyo alivyopata kazi. Jino lenyewe lilitulizwa kwa vidonge, likabaki mdomoni na tundu lake, naye akazoea kutafuna upande mmoja. Miaka ikaenda. Akajua kumtambua mwenye jipu la jino kwa namna anavyobeba kichwa, na mwenye woga kwa namna anavyosoma tangazo lilelile ukutani kana kwamba kuna mtihani. Lakini chumba cha matibabu hakuwahi kukikanyaga. Kadi za wagonjwa alizipitisha mlangoni kwa mkono ulionyooshwa, mwili wote ukibaki nje, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua.

"Mama, humu ndani tumeajiri mkono wako tu," nesi alikuwa akimtania.

"Na mshahara unaingia mkononi, si ndiyo? Basi kila kitu kiko sawa."

Nesi alicheka. Daktari hakucheka, wala hakuuliza.

Yai lililetwa na mchuuzi wa vitu vya plastiki, aliyekuja kung'olewa gego. Alitoka ndani na pamba mdomoni, akafungua mfuko wake uliojaa vitana, miwani ya jua na magari ya watoto, akachomoa kitu chenye umbo la yai, ukubwa wa ngumi, rangi nyeupe inayoelekea umanjano kama jino la mtu anayependa chai. Akaonyesha kwa vitendo: unauliza swali lako, unabonyeza utosini, chenyewe kinakuamulia. Akakiacha mezani kama shukrani, akaenda zake akishika taya.

Nesi akabonyeza. Vitaa vidogo vikaanza kukimbizana kiunoni mwa lile yai, kimuziki cha haraka kikapigwa, halafu taa moja ikabaki ikiwaka na sauti ya mwanamke ikasema maneno mawili matatu kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani. Taa zilikuwa za rangi tatu: kijani, nyekundu na njano. Karatasi ya maelezo haikuwapo. Basi wakakaa, mama na nesi, wakajadiliana kama wabunge, wakapitisha kwamba kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, na njano ni subiri kidogo.

"Si ndivyo ilivyo barabarani?" alisema nesi. Nani angebisha?

Papo hapo akaliuliza kama ataolewa mwaka ule. Njano.

"Hata wewe!" akalizaba kofi.

Mgonjwa wa kwanza kuliuliza kwa dhati alikuwa askari wa barabarani, mtu mrefu, kofia mapajani, goti likimchezacheza kama cherehani. Alikuwa ameshauliza choo kiko wapi mara kadhaa bila kwenda. Mama wa mapokezi alimwonea huruma, akalisukuma yai mbele yake.

"Afande, hebu liulize hili. Uingie, usiingie?"

Askari alicheka kidogo, akabonyeza. Vitaa vikakimbia, vikakimbia, vikasimama kwenye nyekundu. Benchi zima likamgeukia mama. Kila mtu alitazamia mama aseme huo ni mchezo tu, bonyeza tena.

"Limekataa," akasema. "Basi uko huru, afande. Nenda zako, hakuna atakayekushika. Kadi yako ninayo hapa, hata kesho, hata mwezi ujao."

Askari alisimama, akavaa kofia yake, akafika mlangoni, akashika kitasa. Akakaa nacho mkononi. Halafu akageuka, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, na goti lake likawa limetulia tuli.

"Nani amebaki mbele yangu?" akauliza.

Mama wa mapokezi alilifikiria jambo hilo siku nzima, kwa sababu benchi lile alilijua. Alikumbuka kwamba alipokuwa amekaa pale, sindano haikumtisha sana, na maumivu alikuwa nayo tayari. Kilichomgandisha ni ile hali ya kusikia jina lake likiitwa, watu wote wakimgeukia, kana kwamba mlango wa nyuma yake umeshafungwa na ufunguo umetupwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kuondoka. Kama wangemwambia, labda angeingia.

Tangu siku hiyo yai likawa na kazi. Mwenye woga aliulizwa kama angependa kuliuliza. Likiwaka kijani, aliingia akicheka, na aliyecheka alikuwa ameshapona nusu. Likiwaka njano, alipewa gazeti. Likiwaka nyekundu, aliambiwa yuko huru, na mama alimaanisha. Hakumbembeleza mtu, hakumpigia simu kumkumbusha, hakumtazama kwa jicho la lawama. Wala hakukubali yai liulizwe mara mbili. "Ukiliuliza tena mpaka likupe unachotaka," alisema, "umejiuliza mwenyewe, umelisumbua bure." Wachache waliondoka moja kwa moja. Wengi walifika mlangoni, au hata nje barabarani, wakarudi kwa miguu yao.

Daktari mwanzoni alikasirika. "Mama, nasikia unawarudisha wagonjwa wangu nyumbani kwa kutumia mdoli."

"Simrudishi mtu, daktari. Namfungulia tu mlango."

Lakini baada ya muda daktari aliona kwamba wanaoingia sasa hawang'ang'anii mikono ya kiti, na midomo yao hufunguka bila vita. Siku betri zilipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kununua nyingine, akaziweka mezani, akarudi ndani kunawa mikono.

Watu wakaanza kumwita Mama Yai. Bibi mmoja mwenye msimamo aligoma hata kulitazama. "Hii ni ramli, na ramli ni dhambi!"

"Ramli gani ya betri, bibi yangu? Umewahi kuona mganga anaishiwa chaji?"

Bibi alijizuia, akashindwa, akacheka, akaingia bila kuuliza chochote.

Siku moja akaja fundi wa kutengeneza kiti cha matibabu, kijana aliyesomea kazi yake mbali sana, kwenye kiwanda vinakotengenezwa viti hivyo. Alipomaliza alikunywa chai pale mapokezi. Mama Yai alikuwa peke yake. Kijana alibonyeza yai kwa mchezo tu, likawaka nyekundu, mwanamke wa ndani ya yai akasema maneno yake, na fundi akapaliwa na chai.

"Mnajua huyu anasema nini?"

"Anakataa."

"Anakataa wapi, mama! Anasema, 'Nenda mbele, ni heri.' Kwao nyekundu ndiyo rangi ya heri, hata bibi harusi huvaa nyekundu." Akabonyeza tena mpaka ikaja kijani. "Na huyu anasema, 'Siyo sasa.'"

Mama Yai aliweka kikombe chini. Akamkumbuka askari. Akawakumbuka wote walioambiwa "siyo sasa" wakaingia wakichekelea, na wote walioambiwa "ni heri" wakaondoka wakihema kwa nafuu. Akaanza kucheka polepole, mabega kwanza, mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kitambaa chake.

"Sasa utawasahihisha?" fundi aliuliza.

"Niwasahihishe nini, mwanangu? Waliong'olewa wameshang'olewa. Usimwambie mtu."

Na hakumwambia mtu, hata nesi.

Kaka yake Mama Yai alikuwa fundi wa mapaa. Mtu mkubwa, sauti kubwa, aliyekuwa akitembea juu ya kenchi za ghorofa kama yuko sebuleni kwake. Kila walipokutana alimtania mbele za watu: "Huyu mdogo wangu ameajiriwa na yai." Yeye alicheka pamoja nao. Ndugu walikuwa wawili tu, na kaka ndiye aliyemlea baada ya wazazi, akimwachia sehemu kubwa ya kila kitu na kusema ameshiba.

Alifika kliniki mchana mmoja akivutwa mkono wa shati na mke wake. Shavu lilikuwa limejaa mpaka jicho limebana, na uvimbe ulikuwa umeanza kuteremka chini ya taya. Kwa wiki kadhaa alikuwa akilificha jino lile kwa vidonge vya dukani.

Nesi alimtazama mara moja tu, akamvuta Mama Yai pembeni. "Mama, huo uvimbe unaelekea shingoni," alinong'ona. "Usaha ukishuka hapo unabana koo. Huyu asirudi nyumbani leo. Unanielewa? Anaweza kushindwa kupumua."

Mama Yai alielewa. Akarudi mezani kwake, akaketi.

"Karibu, kaka. Keti."

"Sikai," alisema kaka kwa meno yaliyofungwa. "Nikikaa nitalazwa."

"Mwone!" wifi yake akadakia. "Juzi nimemkuta juu ya paa anakula mhogo huku miguu inaning'inia. Leo kiti kinamtoa jasho!"

"Kule juu naona ninapokanyaga. Huku nalazwa chali, nafunguliwa mdomo, mtu anafanya kitu ndani yangu nisichokiona. Nyinyi mnaona ni sawa?"

"Sawa au si sawa, jino lako linanuka mpaka jikoni kwangu."

Watu wa kwenye benchi waliinamisha vichwa wasicheke. Kaka akawatazama, akamtazama dada yake, halafu akalitazama yai.

"Lete hilo dude lako," akasema. "Si kila mtu analiuliza? Na mimi nina haki yangu. Likikubali, naingia. Likikataa, naenda kulala, na nyinyi wawili msinifuate mkinililia."

Mama Yai angeweza kusema betri zimekwisha. Alilifikiria hilo. Mkono ukalisogeza yai mbele.

Kaka akabonyeza kwa kidole gumba kipana, chenye kucha iliyowahi kugongwa na nyundo. Vitaa vikakimbizana. Nyekundu. Mwanamke wa ndani akasema maneno yake kwa furaha.

"Bonyeza tena!" wifi akapiga kelele.

"Haliulizwi mara mbili," akasema kaka, na nafuu ilimjaa usoni hata shavu baya likaonekana dogo. "Sheria ni yake mwenyewe, mwulize."

Maneno yalimfika Mama Yai mdomoni: limekukubalia, kaka, limekwambia nenda mbele. Lakini ni nani angemwamini? Nyekundu ilikuwa hapana kwa askari, hapana kwa kila mtu, halafu leo, kwa kaka yake, igeuke kuwa ndiyo? Ukweli wenyewe ulikuwa umevaa nguo za uongo. Na kaka akidhani amedanganywa, angeondoka na asirudi tena.

Akaandika jina la kaka yake kwenye kadi.

"Limekataa," akasema. "Uko huru, kaka. Hakuna atakayekushika. Kadi yako ninayo hapa."

"Wifi! Una wazimu? Huyu ni kaka yako!"

"Ndiyo. Ni kaka yangu."

Kaka hakusimama kwenye kitasa kama askari. Alifungua mlango, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake. Wifi akajitupa kwenye benchi na kujifunika uso kwa mtandio. Nesi alikuwa amesimama palepale pembeni. Mama Yai alitazama kioo cha mlango, kile kizito kisichoonyesha sura, akaona kivuli kikishuka ngazi moja, kisha nyingine. Alitaka kukimbia. Alijua pia kwamba akikimbia, kaka atakimbia zaidi.

Simu ikalia. Akaipokea.

"Kliniki ya meno, habari za leo." Sauti haikutikisika. "Ndiyo, daktari yupo. La chini au la juu? Pole sana, baba. Njoo tu, usiogope."

Alipoweka simu, mlango ulikuwa wazi na kaka amesimama kizingitini.

"Huyo umemwambia asiogope."

"Ndiyo."

"Mimi hukuniambia."

"Wewe unaogopa, kaka. Naona unavyoogopa. Nikuambie usiogope ili iweje?"

Kaka akashika fremu ya mlango. "Na wewe unataka nini? Siyo hilo yai. Wewe."

"Mimi nataka uingie. Nimetaka tangu ulipotokea hapo mlangoni. Lakini hukuniuliza mimi."

Wifi alikuwa amefunua jicho moja.

"Basi twende pamoja," kaka akasema. "Uniambie anafanya nini. Uwe macho yangu."

Hakujua alichokuwa akikiomba. Nesi alijua, akageuza uso kando. Mama Yai alisimama, akavuta sketi yake ikae sawa, akauendea ule mlango ambao ni mkono wake tu uliowahi kuuvuka.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokuwa akikiwaza. Dirishani palikuwa na chungu cha maua, na mtu alikuwa ameyamwagilia. Kaka akalazwa chali, akamshika mkono, mkono mgumu kama ubao, na daktari akaivuta taa.

"Niambie," kaka akasema.

Ili amwambie ilimbidi atazame. Akatazama.

"Anachukua sindano. Ni nyembamba, kaka, kama ya kushonea. Anaipeleka nyuma ya jino. Sasa unasikia inachoma. Ameitoa. Anasubiri ganzi ishike. Sasa anachukua koleo, ni dogo kuliko lako la misumari. Amelishika jino. Analitikisa, kushoto, kulia. Usaha unatoka, mwingi, na ni vizuri utoke. Bado kidogo. Bado. Limetoka, kaka. Limetoka lote. Lina mizizi kama kisiki."

Sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye simu. Daktari hakuinua macho, lakini mikono yake ilikuwa ikifuata mwendo wa maneno hayo. Alipomaliza kusafisha alimwambia kaka dawa atakazotumia, na kwamba arudi asubuhi aangaliwe tena. Angechelewa kidogo tu, wangekuwa wanaongea mengine.

Kisha akavua glavu. "Mama," akasema bila kugeuka, "na lile la kwako? Bado liko?"

Miaka yote hiyo daktari alikuwa hajasahau.

"Liko," Mama Yai akajibu.

Kaka, mdomo umejaa pamba, alimkodolea macho dada yake. Akashuka kitini. Akatoka nje, akarudi na yai kiganjani, akalitia mikononi mwa dada yake na kulionyesha kwa kidole: haya, zamu yako.

Wifi na nesi walikuwa wamejazana mlangoni. Mama Yai akabonyeza. Vitaa vikakimbia, vikakimbia, vikasimama.

"Nyekundu!" wifi akasema. "Limekataa. Basi wifi, uko huru, twende zetu nyumbani, imetosha kwa leo."

Mama Yai aliangua kicheko peke yake, na hakuna aliyejua anacheka nini. Akampa nesi yai alishike. Akavua miwani, akavua viatu akavipanga chini ya kiti, akapanda, akalala chali. Taa ilikuwa na joto zaidi kuliko alivyodhani. Akanyoosha mkono pembeni mpaka ukapata ule mkono mgumu kama ubao.

"Niambie unachoona," akamwambia kaka.

Na kaka, kwa ganzi na pamba zake zote, akaanza kumweleza kila kitu hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani.